Ada ya deikea: maswali tunayoulizana sisi tunaolea watoto nyumbani

Haya ni maswali ninayoulizwa na walezi wenzangu wa Dar es Salaam, wenye watoto watano, kumi, hata kumi na watano sebuleni. Hatuna karani wala mhasibu, na simu moja ndiyo benki yetu. Mimi nalea Mbagala, watoto kumi na wawili, na nimekopwa vya kutosha kuweza kujibu. Viwango vya shilingi nilivyotaja ni vya kupigia hesabu tu, kila mtaa una bei yake.

Habari ya hela nimwanze mzazi lini? Mimi naona aibu.

Siku ya kwanza, kabla hujampokea mtoto mkononi.

Najua inavyokuwa. Mama anafika saa kumi na mbili asubuhi, likizo yake ya uzazi ya siku 84 imeisha jana, macho mekundu kwa kulia, blauzi imelowa maziwa, na kazini Posta wanamsubiri. Nawe una moyo wa nyama, unasema, "Mlete tu dada, mambo ya hela tutaongea." Madeni mengi niliyowahi kuyaona yalizaliwa kwenye hilo "tutaongea". Mkija kuongea kweli mwezi umeshakatika, yeye ana hesabu yake kichwani na wewe una ya kwako, na mtoto keshakuzoea, akikuona anakunyooshea mikono. Hapo anayetaja hela anaonekana mbaya, na mara zote anayetaja ni wewe.

Kwa hiyo mkaribishe, mpe kiti, mwambie kabla hujambeba mtoto: ada ni kiasi fulani, inalipwa tarehe fulani, inahesabiwa hivi mtoto asipokuja, na ukichelewa kumchukua kuna hiki. Dakika tano zinatosha. Mzazi atakayekasirika kwa dakika hizo tano angekukasirikia zaidi mwezi wa tatu, tena akiwa na deni lako.

Nitoze kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi?

Angalia hela ya mzazi inaingiaje. Mama ntilie, muuza samaki anayekwenda Feri alfajiri, au kijana wa Kariakoo anayepanga bidhaa chini, wote hao hela yao ni ya kila siku. Ukimdai 60,000 mwisho wa mwezi unamdai kitu ambacho hajawahi kukishika kwa pamoja. Lakini 2,500 ya leo anayo. Mtoze kwa siku, na malipo yawe asubuhi: mkono mmoja mtoto, mkono wa pili hela. Jioni ni saa ya visingizio, biashara ilikuwa mbaya, mgambo walipita, chenji hakuna.

Mwajiriwa ni wa mwezi, na alipe mwanzoni. Mishahara mingi inaingia kuanzia tarehe 25, kwa hiyo ukimpa hadi tarehe 5 umemtendea haki. Ukisubiri tarehe 15, wenye nyumba, kikoba na kadi za michango ya harusi vimeshapita kabla yako.

Wa siku alipe juu kidogo kuliko wa mwezi. Siku 26 kwa 2,500 ni 65,000, wa mwezi analipa 60,000. Ile 5,000 ni shukrani yako kwa kukuhakikishia nafasi imeshikwa, na wengi wakiona hesabu hiyo wanahamia wenyewe.

Mtoto hakuja siku sita. Mzazi anataka siku hizo zitolewe kwenye ada.

Hili ndilo linalogombanisha watu kuliko jingine lolote, nalo linatokana na kutoelewana kitu kimoja: mzazi anadhani ananunua siku, wewe unauza nafasi. Ukisafiri kwenda Tanga wiki mbili, mwenye nyumba hakupunguzii kodi kwa sababu kitanda chako hakikulaliwa. Nafasi ya mtoto kwako ni hivyohivyo. Msaidizi wako unamlipa palepale, kodi iko palepale, na kuna mama mwingine ulimkatalia mwanzoni mwa mwezi ukisema umejaa.

Mwambie hivyo siku ya kwanza na kwa maneno hayohayo. Ukimwambia siku ya mgogoro ataona umetunga leo.

Baada ya hapo, uwe na ubinadamu wenye kipimo. Mimi mtoto akilazwa au akiumwa zaidi ya wiki moja, siku zinazozidi wiki nazitoza nusu. Familia ikienda kijijini mwezi mzima, natoza nusu kumshikia nafasi, au wanaiachia na wakirudi wanabahatisha. Mama akibaki nyumbani kwa sababu shangazi kaja kutembea, hapo hakuna punguzo. Shangazi ataondoka, na Jumatatu mtoto atataka kiti chake.

Nikimrudisha mtoto mwenyewe kwa sababu anaumwa?

Ule msimu wa macho mekundu Dar, Januari 2024, nilirudisha watoto wanne wiki moja. Wawili kati ya wazazi wao walinijia juu: "Wewe ndiye uliyemkataa, kwa nini nilipe?" Nililipwa na mmoja, mwingine alinikata siku tano, na kosa lilikuwa langu kwa sababu sikuwa nimeliandika. Sasa nimeandika: ugonjwa wa kuambukiza, mtoto anakaa nyumbani mpaka apone, ada ya wiki ya kwanza inaendelea. Walio wazima nao wana wazazi.

Na mimi nikifiwa au nikiumwa?

Usitoze. Mzazi aliyelipa mwezi mrudishie siku hizo au uzihamishie mwezi unaofuata, na umwambie wewe kabla hajauliza. Ukiwa na mtu anayeaminika wa kukushikia na wazazi wanamjua, kituo kiko wazi na ada inaendelea.

Kufungwa kwa amri ya serikali ni habari nyingine. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona hadi zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, walezi wengi tuliachiwa watoto wachache au tukabaki watupu, na waliokuwa wamelipa Machi yote walitaka nusu yao. Hela ilikuwa imeshakuwa unga. Tangu hapo mimi nina sentensi yake: tukifungiwa, siku ambazo hazijatumika zinasubiri, zitatumika tukifungua. Hairudi taslimu. Imewahi kulalamikiwa, lakini inaeleweka.

Sikukuu je?

Sikukuu za kitaifa zimo ndani ya ada ya mwezi, hupunguzi. Wa kulipa kwa siku halipi siku ambayo hukufungua. Idi ndiyo yenye mtego maana tunasubiri mwezi uandame. Sema mapema kwamba utafunga siku mbili, zozote zitakazoangukia, usije ukaulizwa saa nne usiku kama kesho unapokea.

Mzazi anachelewa kumchukua mtoto kila siku. Naweza kutoza?

Unaweza, kama alijua. Mimi mwisho ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Nusu saa ya kwanza ni bure kwa sababu foleni ya Dar haina mwenyewe. Kuanzia hapo, 1,000 kwa kila nusu saa, inalipwa papo hapo au inaingia kwenye daftari.

Ila mvua ya masika ikishapiga, Jangwani ikajaa maji na mwendokasi ikasimama, usikae na saa mkononi. Siku hizo kigezo changu ni simu: aliyepiga kabla ya saa kumi na mbili simtozi hata akifika saa tatu. Asiyepiga anatozwa, mvua au jua. Ninachomdai hasa ni taarifa. Mimi nimekaa na mtoto wa watu usiku, sijui mama yake yuko wapi wala kama yuko salama.

Anasema ametuma, mimi sijaona kitu.

Usibishane mlangoni. Mwombe namba ya muamala, ile iliyoko kwenye meseji yake ya uthibitisho, kisha fungua menyu ya simu yako uangalie salio na taarifa ya miamala. Kwa kawaida ni moja kati ya haya.

Kakosea namba, na jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri hakulisoma. Hilo ni lake. Awahi huduma kwa wateja ya mtandao wake kabla aliyepokea hajaitoa. Deni lako linabaki palepale, ingawa ukimwongezea siku mbili tatu hutapungukiwa.

Pengine kakutumia meseji ya kughushi au picha ya meseji ya zamani iliyobadilishwa tarehe. Meseji ya kweli inakuja kwa jina la huduma, haiji kutoka namba ya kawaida ya mtu. Picha ya skrini usiipokee kama malipo hata kutoka kwa mtu unayempenda. Malipo ni salio lililoongezeka.

Na kuna moja la aibu kidogo. Laini yako ikiwa na deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, hela ikiingia inakatwa palepale. Mama Careen katuma 60,000, wewe unaona salio limeongezeka 22,000 unampigia kwa ukali kwamba amepunja, kumbe yeye kamaliza. Mlezi mwenzangu alimfokea mzazi hivi mbele ya watu, akaja kuomba radhi kesho yake. Tenga laini ya ada ambayo hukopei.

Wapo pia, wachache, wanaotuma halafu wanapiga huduma kwa wateja wakidai wamekosea namba ili hela irudi. Dawa yake ni neno moja tu la maandishi. Hela ikiingia mwandikie: "Nimepokea 60,000 ya Neema, ada ya Mei. Asante." Akijibu hata "sawa", huyo hawezi tena kusema alikosea namba.

Ya kutolea analipa nani?

Mliyekubaliana. Kama hamkukubaliana ni wewe, na ndiyo maana ukubaliane. Tangu tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 watu wamekuwa wakali kwa hela ndogo, hata baada ya tozo hizo kupunguzwa. Sema, "Ada ni 60,000 na ya kutolea," au uchukue lipa namba, au upokee taslimu na ukate risiti. Kitabu cha risiti kinauzwa stesheneri yoyote na nakala inabaki kwako.

Lazima tuandikiane mkataba? Wazazi wa uswahilini wanaogopa karatasi.

Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba kwa Sheria ya Mikataba yetu. Shida yake ni kwamba mkikosana kila mmoja anakumbuka mdomo wake. Karatasi iwe moja, ya Kiswahili cha kawaida, isiyo na "kwa mujibu wa". Yangu inasomeka hivi:

"Mimi mama/baba wa (jina la mtoto) nimekubali kulipa 60,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5. Ada ni ya nafasi ya mtoto, hata asipokuja. Akiumwa zaidi ya wiki moja, siku zinazozidi nitalipa nusu. Pampasi, maziwa na nguo za kubadilisha naleta mimi. Mwisho wa kumchukua ni saa 12:30 jioni. Nikitaka kumtoa mtoto nitasema wiki mbili kabla, na mlezi akitaka kuacha kumlea atasema wiki mbili kabla. Deni likifika mwezi mmoja, mtoto atasimama mpaka tuelewane."

Sahihi mbili, tarehe, namba za simu, nakala mbili. Asiyejua kusoma msomee mbele ya mtu wake, aweke dole gumba. Niliposema tu "ni ya kutunza kumbukumbu, hata mimi nasahau," hakuna aliyeikataa.

Karatasi peke yake haitoshi. Nunua kauntabuku, mtoto mmoja kurasa mbili: mahudhurio upande mmoja, malipo upande wa pili. Andika siku ileile. Daftari lililojazwa Jumamosi usiku kwa kukumbuka kumbuka linajulikana, kalamu moja na mwandiko mmoja mwezi mzima.

Pampasi zikiisha mchana?

Mnunulie, andika, mdai jioni ileile. Mia tano tano zilizosahauliwa ndizo zinazokuja kuwa "huyu mama mwizi" mwisho wa mwezi.

Mzazi ana deni la wiki tatu na ananizungusha. Nianzie wapi?

Anza na hesabu yako. Kaa na daftari, toa jumla, uone kama kweli ni kiasi unachodhani. Mara mbili nimekwenda kudai nikakuta nimepokea na sikuandika.

Halafu chagua saa. Asubuhi mlangoni ni vibaya, ana haraka, mtoto anasikia, na wazazi wengine wamesimama nyuma yake. Ukimwaibisha hapo atakulipa kwa hasira siku moja na kuhama siku ya pili, au atahama bila kulipa. Mpigie saa mbili usiku au umwombe abaki dakika kumi Jumamosi. Sema kiasi, sema siku, kisha unyamaze. "Mama Neema, hesabu yangu inaonyesha wiki tatu, 45,000. Na wewe ndivyo unavyoona?" Swali hilo la mwisho usiliache. Likijibiwa "ndiyo" hamgombani tena kuhusu kiasi, mmebakiwa na namna ya kulipa.

Ukishamsikiliza utagundua wa aina gani. Kuna aliyekwama kweli: mume kapunguzwa kazini, au kaingia mikopo ya kausha damu na kila jioni wanamgongea. Huyu panga naye vipande: kila siku alipe ada ya siku hiyo pamoja na 1,000 ya deni. Kinachotakiwa kwanza ni deni lisikue. Unaweza kumsubiri wa namna hii miezi mitatu na usijute.

Na kuna anayekuzungusha. Huyu hapokei simu tarehe 5 lakini picha za harusi ya Jumamosi zimejaa kwenye simu yake, sare mpya, na mchango kaufikisha. Kwake kule kuna kadi, kamati na mwekahazina anayempigia, kwako kuna mama mpole. Mwandikie meseji fupi yenye tarehe: "Habari Baba Junior. Deni la Junior hadi leo ni 45,000. Naomba liishe Ijumaa tarehe 14. Lisipoisha, kuanzia Jumatatu tarehe 17 sitaweza kumpokea mpaka tukae." Kisha Jumatatu usimpokee. Hapa ndipo wengi tunaanguka: tunatoa tarehe, inapita, tunampokea. Ukifanya hivyo mara mbili, tarehe zako zinakuwa kama saa iliyosimama.

Jambo moja kuhusu hiyo Jumatatu. Mwambie Ijumaa jioni kwa mdomo pia. Usimshtukize saa kumi na mbili asubuhi akiwa njiani kwenda kazini, maana atamwacha mtoto kwa yeyote, na huyo yeyote humjui.

Naweza kumzuia mtoto asiondoke mpaka walipe? Au nibaki na begi lake?

Hapana. Mtoto si rehani. Ukimfungia mtoto wa mtu kwa sababu ya hela, habari ya deni imekwisha, sasa ni wewe unayeulizwa maswali kituo cha polisi, na mtaa mzima uko upande wao. Begi, sweta, chupa ya uji, vyote vinaondoka na mtoto.

Kumnyima uji au kumweka pembeni wenzake wakila ni vilevile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda na unyanyasaji wa namna hiyo, lakini hata isingekuwepo: uliyempokea asubuhi analishwa. Kama hutaki kumlisha, usimpokee asubuhi.

Niwaanike wadaiwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi?

Usifanye. Nimeona orodha ya majina imetumwa kwenye grupu, wazazi waliolipa nao wakakasirika, wakisema kesho itakuwa zamu yao. Kutuma picha ya mtoto na kiasi anachodaiwa baba yake ni vibaya zaidi, na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, usije ukageuka wewe mshtakiwa. Kwenye grupu andika tu, "Kesho ni tarehe 5." Mengine inbox.

Baba anasema mama ndiye mwenye mtoto, mama anasema baba ndiye alipe.

Ada ni ya aliyesaini karatasi. Wakiachana, waite mmoja mmoja, andika upya nani analipa. Matunzo ya mtoto ni shauri lao, Ustawi wa Jamii wapo kwa kazi hiyo. Usikubali kupeleka ujumbe wa mmoja kwa mwingine, utaishia kuwa shahidi. Na uliza waziwazi nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, hilo ni kubwa kuliko hela.

Mdaiwa ni mdogo wangu / jirani yangu ukuta kwa ukuta.

Hili sina jibu zuri. Ninachofanya: kwa ndugu natamka punguzo au natamka bure. "Wa kwako nitamlea nusu bei." Kilichotamkwa hakina kinyongo. Kibaya ni kumlea kwa bei kamili ambayo wote mnajua hatalipa, wewe unahesabu kimyakimya, na siku ya msiba wa familia ndipo unalipuka. Jirani mtoze kama mteja, ila umdai kwa sauti ya chini maradufu.

Wananiambia, "Serikali imesema elimu bure, mbona wewe unatoza?"

Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 ni ya shule za serikali, na darasa la awali limo. Mtoto wa miezi saba hajafika huko. Akifika miaka mitano mwelekeze shule ya msingi kwa moyo mweupe. Na umkumbushe kwamba awali wanatoka mchana, yeye anatoka kazini jioni, hapo katikati utamhitaji mtu. Wengine hurudi kwa ada ya nusu siku.

"Dada wa kazi namlipa karibu sawa na wewe, tena anafua na kupika."

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayekaa kwa mwajiri, kwa hiyo kwa tarakimu za amri ile hana kosa. Ila dada anakula, analala, anapaka mafuta, anaumwa, na anakwenda kwao Desemba kwa nauli ya mwajiri. Mwache apige hesabu mwenyewe. Usimseme vibaya dada wa kazi, naye ni mlezi mwenzetu.

Nataka kupandisha ada. Watahama?

Watahama wachache, baadhi watarudi. Sukari ilipopanda mwanzoni mwa 2024 nilivumilia miezi miwili nikipunguza sukari kwenye uji, nikaona najidanganya. Nikawaandikia: kuanzia mwezi wa nne ada inaongezeka 5,000, sababu ni hizi. Toa notisi ya mwezi mzima, panda kwa wote siku moja, na usipandishe Januari. Januari watu wanalipa kodi ya nyumba ya miezi sita na sare za shule, hata wenye hela hawana.

Hataki kulipa kwa sababu mtoto alianguka, au kwa sababu sweta limepotea.

Tenganisha. Sweta likipotea kwako lilipe. Mtoto kaumia, mwambie mzazi siku ileile, eleza ilivyokuwa, shughulikia matibabu kama ni uzembe wako. Hayo yakishaisha, ada ya mwezi bado ipo. Mkiyachanganya mtakuwa mnapimana jeraha kwa shilingi, na hakuna anayeshinda.

Amehama usiku na deni la miezi miwili. Nikadai wapi?

Polisi usiende, deni ni madai, watakuambia hivyohivyo. Na usimtumie "kaka yako askari" kutisha mtu.

Anza ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi sasa, kwa mwenyekiti au mtendaji, na karatasi na daftari mkononi. Wito wenye mhuri una nguvu ya ajabu, wengi hulipa kabla ya siku ya kuitwa. Isipofaa, Baraza la Kata lipo kusuluhisha. Mwisho ni Mahakama ya Mwanzo: inaendeshwa kwa Kiswahili, unajieleza mwenyewe, na madai ya mikataba hata ya mamilioni inayasikiliza. Unahitaji jina lake kamili, anakoishi, kiasi, na ushahidi. Piga hesabu ya nauli na siku utakazofunga. Kwa 120,000 na karatasi iliyosainiwa ningekwenda. Kwa 30,000 ya maneno matupu, ningebaki na watoto wangu.

Kituo changu hakijasajiliwa. Je, bado naweza kudai?

Kazi umefanya na mzazi anajua. Lakini Sheria ya Mtoto inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na mzazi unayemdai akishikwa na hasira atakwenda kukusema kabla hujamsema. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, muulize kinachokosekana kwako, anza nacho. Nilichopata zaidi kwenye usajili ni cheti ukutani, maana mzazi akikisoma akiwa amekaa pale kwenye kiti cha siku ya kwanza, mazungumzo ya ada huenda haraka.

Nisamehe deni lini?

Ukiamua, samehe lote na umwambie. Nina mama mmoja alifiwa na mume akiwa na deni langu la 75,000. Nilikwenda matangani, wiki iliyofuata nikamwonyesha ukurasa wake kwenye daftari, nikapiga mstari mbele yake. Mtoto aliendelea kuja kwa ada ya siku, ikilipwa asubuhi kama ya wengine.